Wanaoweza Kungoja

Habari ya kifo cha Daktari Goreti niliipata nikiwa sokoni, simu ikiwa begani na mikono yangu yote miwili ndani ya gunia la maharage. Aliyenipigia alikuwa Furaha, mwenzangu wa zamani, ambaye siku hizi anaishi ng'ambo ya mpaka, Uvira, upande wa Congo. Aliniambia tu, "Dada Zaituni, mama yetu ametutoka," nami nikajua ni nani bila kuuliza. Mchana huo nilikwenda msibani, nyumbani kwake Nyakabiga, nikakaa na wanawake wengine uani kwenye viti vya kukodi, tukaletewa wali, maharage na ndagala, wale dagaa wa ziwani, wa kukaanga, na nikawa nasikiliza watu wakimwelezea marehemu. Mmoja alisema alikuwa mkali. Mwingine alisema aliwahi kumtibu mkubwa mmoja wa serikali na akamwambia angoje zamu yake kama wengine. Kijana mmoja, ambaye sasa naye ni daktari, alisema mama huyu ndiye aliyewafundisha kuutazama uso wa mgonjwa kabla ya kugusa karatasi zake. Yote yalikuwa kweli. Lakini hakuna aliyeutaja mwaka wa Kanyosha, na nilipotazama huku na huku niliona ni kwa sababu waliokuwapo mwaka ule wengi hawakuwa watu wa kusema. Nikamaliza chakula changu, nikanawa mikono, nikarudi nyumbani Buyenzi nikiwa nimeamua kuueleza mwenyewe.

Ilikuwa katika ile miaka ya vita, baada ya nchi jirani kutufungia mipaka. Mafuta ya gari yalikuwa yanauzwa kwa chupa, sukari ilikuwa kitu cha kupeleka zawadi, na dawa zilizokuwa zikijaa makabati zikawa zinahesabiwa kidonge kwa kidonge. Nilikuwa nimetoka shule ya uuguzi, na kazi pekee niliyoipata ilikuwa kwenye nyumba moja Kanyosha ambayo watu wa kanisa waliigeuza kuwa makao ya watu wenye ulemavu mzito. Wenzangu wa shule walinihurumia. Ilikuwa nyumba kubwa ya zamani ya mfanyabiashara, yenye sakafu ya saruji nyekundu na veranda ndefu, na chumba chake cha mbele, ambacho zamani bila shaka kilikuwa na makochi, kilikuwa na magodoro yaliyopangwa ukutani hadi ukutani. Juu ya magodoro hayo walilala watu wetu, watoto na wakubwa. Hawakuweza kutembea wala kusema, wengine hawakuona, wengi walikuwa na kifafa, na karibu wote walilishwa kwa kijiko. Asubuhi chumba kilinuka uji wa mtama, sabuni ya kufulia na mkojo. Kufikia saa nne, Furaha akishamaliza kazi yake, kilinuka sabuni peke yake. Furaha alikuwa mkimbizi kutoka Congo, mwanamke mwenye mabega mapana na sauti ya kwaya, na alikuwa akiwaimbia anapowageuza, kila mtu wimbo wake.

Wawili ninataka muwafahamu. Wa kwanza ni Evariste, kijana wa miaka kama kumi na sita, ambaye mwili wake ulikuwa umejikunja na kukauka kama nguo iliyokamuliwa ikaachwa juani. Hakuona, mgongo wake ulikuwa umepinda, na wageni waliotutembelea walimwona yeye kwanza kisha wakageuza macho. Mama yake, mjane aliyetoka naye Buterere baada ya maji kuichukua nyumba yao, alikaa hapo hapo akitupikia. Wa pili ni Anita, msichana wa miaka tisa, mwenye uso wa mviringo na macho makubwa, aliyetabasamu kila ukiingia mlangoni. Wageni walimpenda Anita. Walimpa peremende ambazo hakuweza kuzila.

Daktari Goreti alikuja alasiri, akitoka hospitali, kwa miguu mara nyingi, viatu vyake mkononi ikiwa kumenyesha. Wakati ule hakuwa na miaka arobaini. Alikuwa mfupi, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja, na alikuwa na tabia ya kumsalimu kila mmoja chumbani kwa jina na kungoja kidogo kabla ya kwenda kwa mwingine, kama mtu anayesubiri kujibiwa. Mwanzoni niliona ni mazoea ya dini tu. Baadaye niligundua alikuwa akisikiliza pumzi zao.

Taabu iliyokuwa ikimsumbua ilikuwa hii. Kila tulipompeleka mtu wetu hospitali, alirudishwa. Waliomtazama waliona miguu iliyopinda, mate, macho yasiyotulia, wakasema huyu ndivyo alivyo. Nasi wenyewe hatukuwa na jibu zuri, kwa sababu na sisi tulizoea kusema kwamba wote wana hali mbaya. Dawa za kifafa zilipoanza kwisha ikabidi kuamua nani apunguziwe na nani asiguswe, na siku moja aliniuliza, mbele ya sufuria ya chai, ni nani katika nyumba hii mgonjwa kuliko wote. Nikamjibu bila kufikiri kwamba ni Evariste. Akamuuliza Furaha, naye akasema Evariste. Daktari Goreti akanywa chai yake, akasema hata yeye angesema hivyo, na kwamba jambo hilo linamtia wasiwasi.

Wiki hiyo alitengeneza kipimo chake cha kwanza. Yalikuwa maswali tu, yenye alama kwa kila jibu: anaona, anakaa, anashika kitu, anameza, anajigeuza. Tukampima kila mmoja, na matokeo yakawa yale yale tuliyokuwa nayo vichwani, Evariste juu kabisa. Mama Evariste alifurahi kusikia mwanawe ni wa kwanza, maana alijua wa kwanza ndiye atakayetazamwa. Lakini daktari alikwenda akakaa kando ya godoro la Evariste, akamwekea mkono kifuani, akakaa hapo mpaka chakula kikapoa. Aliporudi mezani alichana karatasi zake zote. Alitueleza kwamba Evariste hajapata homa tangu mvua za mwanzo, anakula vizuri, analala usiku kucha, ngozi yake ni safi, kifafa chake kimetulia. Akasema maneno ambayo nimeyarudia kwa wanafunzi wangu maisha yangu yote.

"Mi nimepima kilema, na kilema kila mutu anakiona. Evariste ni kilema sana, lakini huyu kijana ni muzima. Sasa tutafute mugonjwa."

Kwangu mimi ilikuwa kama mtu amefungua dirisha. Nilikuwa nimesoma miaka mitatu kuhusu magonjwa na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mtu asiyeweza kukaa, kusema wala kuona anaweza kuwa mzima. Tukaanza upya. Kila alasiri, kwenye meza ya jikoni, huku Mama Evariste akichambua mboga za lengalenga karibu yetu, tulibishana. Furaha alitaka vidonda vya kulala vipewe alama kubwa, mimi nilitaka kifafa, daktari alitaka pumzi. Tulijadili choo kigumu kama watu wengine wanavyojadili siasa, na labda ilikuwa afadhali, maana siasa mwaka ule zilikuwa zinaua. Tuliuliza mlo unachukua muda gani, anapaliwa mara ngapi, usingizi wake umekatika au la, uzito wake unapanda au unashuka, uso wake unakuwaje akigeuzwa. Swali hilo la uso lilituchukua siku nyingi. Mtu asiyesema hawezi kukuambia kwamba anaumwa, ikabidi tujifunze uso wa kila mmoja, kwa kuwa Anita alitabasamu hata akichomwa sindano, na mzee mmoja wetu alikunja uso hata akifurahi. Daktari alitaka kila mmoja wetu apime peke yake, bila kuona ya mwenzake, kisha tulinganishe. Tukitofautiana hakuuliza nani amekosea. Alisema swali ndilo bovu, akaliandika upya. Sijaona tena mtu aliyependa hivyo kupingwa.

Mama Evariste alikasirika. Katika kipimo kipya mwanawe alikuwa ameshuka mpaka karibu na mwisho, na kwa siku mbili tatu bugali wake ulikuwa na mabonge na hakutuambia karibu. Daktari alimfuata jikoni, akachukua kisu akamsaidia kumenya ndizi, akamweleza taratibu kwamba kuwa chini ni habari njema. Mama yule alisikiliza, akasema amesikia, lakini niliona hajaridhika. Miaka kumi na sita hakuwahi kuambiwa habari njema juu ya mtoto huyo, na hakujua aiweke wapi.

Aliyepanda juu alikuwa Anita. Tulipima kila mtu kivyake, na sote watatu tulimweka juu kabisa, tukatazamana. Mtoto wa tabasamu. Mlo wake wa asubuhi sasa ulikuwa ukiendelea mpaka karibu saa sita mchana, nguo zake zilikuwa zimeanza kumvuka mabegani, na baada ya kila kijiko pumzi yake ilikuwa na majimaji ambayo hayakutoa kikohozi. Chakula kilikuwa kinaingia kifuani mwake kimya kimya, kidogo kidogo, labda kwa miezi. Kesho yake tukambeba, mimi na Furaha kwa kupokezana, daktari akiwa mbele, mpaka hospitali.

Daktari wa zamu katika wodi ya watoto alikuwa kijana mrefu, amechoka, na wodi yake ilikuwa imejaa watoto waliokimbia vita vya milimani. Aliinua shuka, akaona miguu ya Anita, akairudisha. Walianza kusema Kifaransa, kwa heshima, bila kupandisha sauti. Yule kijana alimwambia kwamba kimebaki kitanda kimoja na ana mtoto mwingine anayekihitaji, mtoto ambaye akipona atarudi shule, na kwamba huyu ndivyo alivyo. Hapo Daktari Goreti akageukia Kiswahili, nafikiri kwa makusudi, ili sote tuliombeba mtoto, hata Furaha asiyejua Kifaransa, tusikie.

"Miguu yake mi naijua, imekuja kwa sababu ye iko nayo. Mi nimekuletea kifua. Sikiliza kifua."

Yule kijana akasema tena juu ya mtoto mwingine. Naye akamjibu, "Kama ule mwingine anaumwa zaidi, mupe ye kitanda, mi nitabeba huyu nirudi naye. Sitakasirika. Lakini pima wote wawili kwanza."

Akasikiliza. Alisikiliza mgongoni, ubavuni, akarudi mgongoni, kisha akaondoa vyombo masikioni akatazama chini. Watoto wale wawili walilazwa kitanda kimoja, mmoja kichwa huku na mwingine kule, na wote wawili walipona. Anita alirudi kwetu akiwa mwembamba lakini anapumua vizuri, na daktari akatufundisha kumlisha akiwa ameketishwa wima, uji mzito badala ya mwepesi. Aliishi miaka saba zaidi, miaka mizuri.

Kilichonifanya niandike haya, hata hivyo, ni mambo yaliyotokea baadaye, mwishoni mwa kiangazi. Milio ya bunduki iliyokuwa ikisikika mbali milimani ilikuwa imesogea. Asubuhi moja watu wa Kanyosha ya juu walianza kuteremka na magodoro vichwani, na kabla ya saa tano lori dogo la kanisa likafika langoni kwetu. Dereva alisema atatupeleka kwenye ukumbi wa shule moja Nyakabiga. Lakini watu wetu hawakai, wanalala, na ukilaza watu lorini nafasi inaisha upesi. Ingetosha nusu tu ya watu wa nyumba. Dereva akasema akishawashusha hao atajaribu kurudi, kama barabara itakubali. Alisema hivyo akiangalia kofia yake.

Hakukuwa na ubishi juu ya nani aanze, kwa sababu kazi hiyo tulikuwa tumekwisha kuifanya mezani kwa miezi. Wale ambao wangekufa kwa kukosa dawa au hospitali siku moja au mbili walipanda kwanza. Tuliwapanga, Furaha akiimba kwa sauti ya chini, mito kati yao ili wasiumizane. Kisha Mama Evariste akatoka jikoni akiwa amefunga kanga ya safari, akaona lori limejaa. Hakulia. Alimwendea daktari akamuuliza, kwa Kirundi, kama ni kwa sababu mwanawe ni chini. Daktari alimwambia ndiyo, ni kwa sababu hiyo, Evariste anaweza kungoja. Mama yule akamtazama kwa namna ambayo sikutamani kutazamwa mimi.

Tulikuwa tumepanga daktari aende na wagonjwa. Ilikuwa busara, na dereva alikuwa amemwekea nafasi mbele. Aliniita kando ya lori akanipa mfuko wa dawa, akaniambia Furaha na mimi ndio tutakaokwenda. Nikamwambia yeye ndiye daktari, hao wa lorini ndio wenye hali mbaya, kipimo chake mwenyewe kimesema. Aliitikia kwamba ni kweli, na kwamba Nyakabiga iko karibu na hospitali, madaktari wapo. Akaondoa miwani akaifuta kwa pindo la nguo.

"Mi ndiye nimesema hawa wanaweza kungoja, Zaituni. Kama nimekosea, nikosee nikiwa nao."

Akarudi ndani. Nilimwona kutoka lorini akipita mlangoni, na Mama Evariste, ambaye alikuwa bado amesimama uani na kanga yake ya safari, akageuka akamfuata.

Barabara haikukubali. Lori lilizuiwa kurudi siku ile na siku zilizofuata, na kule ukumbini Nyakabiga mimi na Furaha tulifanya kazi bila kutajiana Kanyosha. Wanawake wa mtaa walituletea maji na uji, vijana wakatupa meza za kulazia watu, na daktari mmoja kutoka hospitali alikuja kila asubuhi. Hatukumpoteza mtu. Nilipopata nafasi nilisali kwenye kona, Furaha akaomba kwenye kona yake, na kila mara nilijua tunaomba kitu kimoja.

Njia ilipofunguliwa nilikuwa wa kwanza kupanda lorini. Lango la Kanyosha lilikuwa limeanguka na ukuta wa veranda ulikuwa na matundu mapya. Watu wetu walikuwa wamesogezwa wote kwenye ukumbi mdogo wa ndani usio na dirisha, na walikuwa wasafi. Nilitazama hilo kwanza, walikuwa wasafi, wamegeuzwa, midomo yao imefutwa. Daktari Goreti alikuwa chini sakafuni, mgongo ukutani, Evariste amelazwa kwa ubavu juu ya mapaja yake, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, naye akimgongagonga mgongoni kwa kiganja ili makohozi yatoke. Mama Evariste alikuwa akimpepea kwa mfuniko wa sufuria. Kijana alikuwa anaungua moto, na mbavu zake zilikuwa zikiingia ndani kila akivuta pumzi.

Tulipokuwa tunampandisha lorini daktari alinieleza. Siku ya kwanza Evariste alikuwa mzima kabisa. Asubuhi iliyofuata alikataa uji, na kabla ya adhuhuri alikuwa hivi. Mgongo ule uliopinda ulikuwa umebana pafu moja, na la pili lilipougua hakuwa na akiba. Tangu hapo walikuwa wakimshika kwa zamu, yeye na mama yake, hawajamlaza hata kidogo.

"Nilikosea," akaniambia. "Nilipima pahali alipo. Sikupima akianguka anaanguka mbio gani."

Alisema hivyo mbele ya Mama Evariste, waziwazi, na kisha akamgeukia akamwambia vile vile kwa Kirundi. Mama yule akamshika mkono. Walikuwa wamekaa siku zote zile wakipokezana kifua kimoja, na nadhani walikuwa wamekwisha kuzungumza yote. Kuanzia mwaka ule swali hilo la kuanguka liliingia katika kipimo chetu, na kila alipowafundisha wanafunzi Daktari Goreti alianza na kosa hilo, akilitaja kuwa ni lake, kabla ya kueleza lolote alilolipatia. Nimefanya kazi na madaktari wengi. Wengi walikuwa hodari. Aliyekwenda kukaa karibu na kosa lake kabla hajalijua, akilingoja, huyo nimemwona mmoja.

Hospitali tulimkuta yule yule daktari mrefu. Safari hii hakuinua shuka. Alisikiliza kifua, akaagiza hewa ya oksijeni na sindano, akamtazama Daktari Goreti, aliyekuwa na vumbi mpaka nywele na hawezi tena kusimama vizuri, akamwonyesha kiti. Evariste alipona, sasa ana mvi pembeni mwa kichwa na bado hupenda uji uwe wa moto. Lakini nakumbuka zaidi dakika zile kabla hatujajua kama atapona. Kijana amewekewa hewa, sindano imeingia, wodi imejaa, watu wanamwita daktari kutoka kila upande. Yule daktari mrefu akamgeukia mama wa Evariste, ambaye tangu mwanawe azaliwe alikuwa ameulizwa mara nyingi ana nini huyu, alizaliwaje, nani alimfanya hivi, na akamuuliza kwa upole:

"Mama, huyu akiwa muzima anakuwaje?"

Mama Evariste akamtazama Daktari Goreti kama anayeomba ruhusa, kisha akaanza kusimulia, namna anavyocheka akisikia mvua, anavyolala kwa ubavu wa kulia, anavyogeuza kichwa Furaha akianza wimbo wake. Alisimulia muda mrefu. Yule kijana mrefu akavuta kigoda, akakaa.